Friza ya Daraja la Tatu

Jina la nchi yetu sitalitaja. Si kwa woga. Ni kwamba kwa sasa jina hilo liko kwenye kamati na bado halijarudi. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, ina mipaka pande zote, na ina wizara nyingi kuliko zahanati. Mimi naitwa Hamidu Tindwa, wakati huo Katibu Mwandamizi wa Maabara Kuu ya Taifa, mtumishi mtiifu wa miaka ishirini na sita. Haya ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu. Mengine niliyafanya kwa mikono yangu, na hayo mtaniwia radhi nikiyasema kwa sauti ya chini.

Chanzo kilikuwa chakula cha mchana. Mtukufu Kiongozi wetu alikuwa kwenye mkutano ng'ambo, ameketishwa karibu na rais wa nchi jirani, kijinchi kidogo tulichozoea kukifanyia mzaha. Yule rais, huku akipaka siagi kwenye mkate, alimwuliza: “Ninyi mna maabara ngapi zinazojali mazingira? Sisi tuna saba.” Mtukufu alijibu kwamba zetu ni nyingi mno, bado zinahesabiwa. Lakini chakula hakikushuka tena.

Aliporudi nyumbani hakungoja kumaliza kushuka ngazi za ndege. Akiwa ngazi ya tatu, mbele ya bendi na watoto wenye maua, aliwauliza mawaziri swali hilohilo. Ndipo Mheshimiwa Balozi Mhandisi Ngwada, Waziri wa Hewa na Vivuli, ambaye hajawahi kushindwa na swali kwa kuwa huwa halisikilizi hadi mwisho, alipopiga hatua mbele akasema: “Zipo, Mtukufu. Ya kwanza naizindua Alhamisi ya mwisho wa mwezi.”

Siku hiyo ya kushuka ndege ilikuwa tarehe tisa. Barua ilitufikia tarehe kumi na nane, maana ilibidi kwanza igongwe muhuri wa HARAKA SANA, na mwenye muhuri alikuwa likizo.

*

Nisiwafiche, maabara yetu ilikuwa haina adabu kwa umeme. Friza moja ya kuhifadhia sampuli inakula umeme wa nyumba nzima yenye watoto na pasi, nasi tulikuwa nazo tano. Makabati ya kioo ya kufyonza mvuke wa kemikali yaliachwa wazi mchana kutwa, yakavuta hewa ya kiyoyozi na kuitupa nje kwa majirani, ambao walifurahi. Vichupa vya plastiki vilitumika mara moja tu, kisha vikachomwa nyuma ya kantini, na siku za kuchoma hata chai ilikuwa na ladha yake.

Mtu mmoja tu alikuwa akiyawazia mambo haya kabla Mtukufu hajaulizwa. Huyo ni Dokta Zamaradi Kilua, mtafiti wa Daraja la Tatu, mwanamke mwembamba asiyejua kukaa kimya kwenye kikao. Aliiletea kamati iliyoundwa kwa sababu ya barua ile ukurasa mmoja. Friza zipandishwe kutoka nyuzi themanini chini ya sifuri hadi sabini. Sampuli hazitadhurika na umeme utapungua sana. Barafu ikwanguliwe. Sampuli zisizo na mwenyewe zitupwe. Vioo vya makabati vishushwe watu wakitoka. Vichupa viwe vya glasi, vioshwe. Vyote hivyo, alisema, vinaweza kuanza leo mchana.

Kamati ya Kitaifa ya Kujali ilikuwa na wajumbe ishirini na watatu, kila mjumbe na chupa mbili za maji za plastiki, na kiyoyozi kilikuwa kikali kiasi kwamba makarani tulivaa makoti. Mkurugenzi wetu, Profesa Mtengeti, aliusoma ule ukurasa mara mbili kwa mapenzi makubwa.

“Dokta, andiko lako nimelipenda sana,” alisema. “Ila nionyeshe hapa: utepe tutaukata wapi?”

“Utepe, Profesa?”

“Waziri anakuja. Televisheni inakuja. Atasimama pale apandishe nyuzi kumi? Nani ataziona?”

“Mita ya umeme itaziona.”

“Mita haina watazamaji, Dokta.”

Mjumbe kutoka Idara ya Itifaki aliongeza kuwa kukwangua barafu ni kazi ya mhudumu, na kwamba tangu tupate uhuru hakuna waziri aliyewahi kuzindua kazi ya mhudumu. Tukashauriana hadi sambusa zikaisha. Hatimaye Mkurugenzi mwenyewe aliinuka na wazo: Mheshimiwa Waziri atachomoa plagi ya friza moja, mubashara, mbele ya taifa. Umeme utapungua kwa moja ya tano na kila mwananchi ataona ukipungua. Tukapiga makofi. Kwenye muhtasari niliandika “Kuchomoa Plagi Kitaifa” nikapigia mstari mara mbili, na sitasema uongo, mwandiko ulinipendeza.

*

Ikabaki kuamua ni friza ipi.

Hapa inabidi nieleze desturi ya nyumba yetu. Kwetu friza ina cheo. Mlangoni pake kuna kibao cha shaba chenye jina la mwenyewe na wadhifa wake, na mtu wa chini hagusi friza ya mkubwa hata ikilia king'ora. Ya kwanza ni ya Mkurugenzi. Ndani yake wamo mbuzi wawili wa sikukuu waliokatwakatwa, na nusu ya keki ya harusi ya binti yake, ambaye ndoa yake imeshavunjika lakini keki bado nzima. Ya pili ni ya Profesa Mstaafu Luhekelo, aliyestaafu miaka kumi na mmoja iliyopita akaacha rafu mbili za vichupa vilivyofutika lebo. Hakuna anayejua ni vya nini, na kila asubuhi mhudumu hupangusa kibao chake kwa heshima. Ya tatu ni ya Naibu Mkurugenzi, mpenzi wa samaki. Ya nne ni zawadi ya nchi rafiki. Haijawahi kuwashwa kwa sababu plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, na bado imevaa nailoni yake. Ya tano ilikuwa ya Dokta Zamaradi.

Mjumbe mmoja mgeni alipendekeza Waziri achomoe ile ya nne, kwa vile hakuna kitakachoharibika. Mkurugenzi alimwuliza kama anatafuta vita na nchi rafiki. Mjumbe akaomba radhi, ikaingizwa kwenye muhtasari.

Basi nieleze kilichokuwamo kwenye ile ya tano. Kuna bonde linaitwa Kirunje, mwendo wa siku moja kwa lori. Huko watoto wakifika miaka minne au mitano miguu huanza kupinda, kidogokidogo, hadi mtoto aliyekuwa anakimbia anarudi kubebwa mgongoni. Bonde lina visima vinne. Dokta Zamaradi aliamini kimoja ndicho kinachowaharibu, lakini maji ya vyote yakipimwa kwa mashine zetu yanaonekana safi. Ubaya wake ni mdogo mno, unajikusanya taratibu ndani ya damu. Kwa hiyo alichukua damu ya watoto mia mbili na kumi na wanne, mara moja kiangazi na mara moja masika, mwaka ambao kila kaya bado ilikuwa inachota kisima chake cha mazoea. Baadaye hofu ilipowaingia, watu walianza kuchota huku na huku, leo hapa kesho pale. Iliyokuwa inakumbuka nani alikunywa wapi ni ile damu iliyoganda tu. Ilikuwa inasubiri mashine moja, na mashine ilikuwa inasubiri kipuri, ambacho kilikuwa bandarini.

Na kila mwezi alikuja mama mmoja wa huko, Bi Siwatu, na binti yake mgongoni. Binti anaitwa Sikujua, ana miaka sita. Bi Siwatu alikuwa akiketi kwenye benchi la mapokezi, anafunga na kufungua pindo la khanga, hadi nimwite. Swali lake lilikuwa moja: watoto wanywe maji ya kisima kipi. Nami nilimjibu kila mwezi kuwa utafiti unaendelea.

*

Friza iliyochaguliwa mnaijua. Ilikuwa ya cheo cha chini kuliko zote, na kwa mujibu wa itifaki Waziri hawezi kuchomoa ya mkubwa zaidi bila mkubwa huyo kufedheheka. Dokta Zamaradi alisimama bila kuruhusiwa.

“Profesa, ile ni damu ya watoto. Haipatikani tena.”

“Nani kasema itupwe? Itahamishwa. Friza ya Profesa Mstaafu ina rafu tupu.” Mkurugenzi akanigeukia. “Katibu atashughulikia.”

Mlangoni Dokta Zamaradi alinivuta mkono wa koti. Nyumbani kwetu ni jirani na kwao, nilimjua tangu anavaa sare za shule.

“Mzee Tindwa, mimi kesho napelekwa mkoani kwenye semina. Siwezi kukataa, nimeshakataa mbili. Unaniahidi?”

“Wewe binti una wasiwasi gani? Hesabu kuwa zimeshahama.”

Semina yenyewe ilihusu namna ya kutunza mazingira kazini. Alipelekwa kwa ndege.

Sasa nifike kwenye sehemu ya sauti ya chini. Kwetu taarifa ya tukio huandikwa kabla ya tukio, ili tukio lijue linatakiwa liweje. Ni utaratibu mzuri, umetuokoa na aibu nyingi. Kwa hiyo Jumatatu niliandika: “Sampuli 428 zilihamishwa salama siku ya Jumanne saa nne asubuhi kwa usimamizi wa Katibu.” Mkurugenzi akasaini, muhuri ukagongwa, ikapelekwa wizarani kwa pikipiki.

Jumanne saa nne asubuhi nilimpigia simu Profesa Mstaafu kumwomba ruhusa ya kufungua friza yake, maana bila ruhusa nisingethubutu. Mkewe akasema mzee amelala. Jioni akasema mzee ana wageni. Jumatano alipokea mwenyewe. Alifurahi mno kusikia sauti kutoka maabara. Kwa dakika arobaini alinisimulia enzi zake, jinsi alivyokuwa akiingia asubuhi na watu wote wanasimama. Aliuliza kama kibao chake bado kipo. Nikamwambia kipo na kinang'aa. Ilipofika zamu yangu ya kusema, nikaona nitamwambiaje mtu huyu kwamba friza yake ina nafasi? Ni sawa na kumwambia amekwisha. Nikamtakia afya njema nikakata simu.

Ningeweza kumwendea Mkurugenzi nikamweleza kuwa sampuli hazijahama. Lakini taarifa ilisema zimehama, na ilikuwa na saini yake. Kumwambia taarifa ina uongo ni kumwambia saini yake ina uongo. Niliona haya. Niliona haya kwa mzee mmoja na kwa mkubwa mmoja, na kwa wale watoto mia mbili na kumi na wanne sikuona haya hata kidogo, kwa sababu hawakuwa na namba yangu ya simu.

*

Alhamisi ilifana. Miti kumi na mitatu ilikatwa nyuma ya maabara kupisha maegesho ya msafara, na mmoja ukapandwa na Mheshimiwa kwa koleo lililofungwa utepe. Kwa kuwa chumba cha friza ya tano, iliyowekwa peke yake, kinatosha watu kumi tu, wageni mia sita walikaa kwenye mahema yenye viyoyozi wakitazama skrini kubwa, na jenereta mbili za dizeli ziliunguruma tangu alfajiri hadi mbwa wa mtaa mzima wakahama.

“Ndugu wananchi,” alisema Waziri, “kuna nchi zinazojali mazingira kwa maneno. Sisi tutayajali kwa mkono. Mkono huu!” Akauinua. Skrini ikauonyesha mkono. Watu wakashangilia mkono. “Historia itauliza, ni nani aliyechomoa? Nanyi mtaiambia historia, tulikuwepo!”

Akaishika plagi. Plagi ikagoma. Akavuta tena, uso ukalowa jasho, mlinzi wake akamshika kiuno akavuta naye, ikachomoka na kipande cha soketi. Friza ya tano ikatoa sauti kama mtu aliyetua mzigo, ikanyamaza. Bendi ikapiga. Mbuzi wa Mkurugenzi wakachomwa kwa mkaa, nami nikala.

Itifaki ilikuwa imeandaa jambo jingine ambalo kwenye taarifa yangu halikuwemo. Chumba hicho kilifungwa kikawa kumbukumbu ya taifa. Mlango ukazungushiwa utepe, ukabandikwa lakiri nyekundu yenye nembo, na tangazo kwamba atakayeivunja atahesabiwa ameivunja nembo.

Saa tisa alasiri simu ililia. Dokta Zamaradi alikuwa ametuona kwenye televisheni ya ukumbi wa semina.

“Mzee, shikamoo. Zile zilihama kweli?”

Lakiri ilikuwa bado mbichi. Ningeibonyeza kwa kidole ingetoka. Barafu ndani ilikuwa bado barafu. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka mlangoni na kipande cha mbavu mkononi.

“Zilihama,” nikasema.

“Mungu akulipe, mzee wangu.”

Ijumaa adhuhuri maji yalianza kutoka chini ya mlango. Yalikuwa machache, membamba, yakifuata mifereji ya vigae kuelekea ofisini kwangu. Nilitazama huku na huku. Kisha nilichukua tambara chooni, nikapiga magoti na suti yangu, nikapangusa. Jumamosi nilikuja kazini, siku ambayo si ya kazi, nikapangusa tena. Jumapili harufu ilikuwa imeanza, nikapulizia dawa ya chooni yenye picha ya waridi. Najua mtaniuliza kwa nini sikuvunja utepe, utepe wa kitambaa, upana wa vidole viwili. Nami najiuliza.

*

Jumatatu Dokta Zamaradi alikwenda moja kwa moja kwenye friza ya Profesa Mstaafu. Ni yeye wa kwanza kuifungua kwa miaka kumi na mmoja. Aliziona rafu tupu. Akaenda kwenye mlango wenye lakiri, akaupiga teke, nembo ya taifa ikaanguka vipande viwili. Tulisikia akifungua friza ya tano. Tukangoja kelele, na wengine walikuwa wameshajiandaa kumwita askari, lakini hakupiga kelele. Alitoka na kitunza vichupa mkononi, vile vichupa vyenye majina ya watoto kwa mwandiko wake mdogo, na ndani uji wa rangi ya kutu.

“Mzee Tindwa,” alisema. “Uliniambia zimehama.”

“Taarifa inasema hivyo,” nikajibu. Ndilo jibu nililokuwa nalo.

Alikikumbatia kitunza vichupa akaondoka. Angenitukana ningeshukuru.

Wiki hiyo tulipokea cheti: Maabara ya Kwanza ya Taifa Inayojali Mazingira. Mtukufu alimtumia picha ya cheti rais wa kile kijinchi. Mimi nilipandishwa kuwa Katibu Mwandamizi Mkuu, na friza ya kwanza, sasa ikiwa na keki peke yake, ilijazwa upya kwa sikukuu inayofuata. Kwenye friza nyingine hakuna nyuzi hata moja iliyopandishwa.

Dokta Zamaradi aliruka hatua ya machozi, akaanza upya. Aligundua kwamba Kirunje zilibaki kaya thelathini na moja ambazo hazikuwahi kuchanganya visima, kwa sababu zimegombana na majirani na haziwezi kupanga foleni moja. “Ugomvi wao ndio umetuokoa,” aliniambia, na hilo “umetuokoa” lilinipa nguvu kidogo. Watoto wa kaya hizo walikuwa wachache, lakini wangetosha kuonyesha kisima kibaya. Akawa anazunguka vyuoni kuomba vichupa vya glasi na barafu kavu, akingoja mvua ipungue barabara ipitike. Wiki tatu, alisema. Naomba tu hizo wiki tatu.

*

Siku ya nane ya zile wiki tatu Bi Siwatu alikuja.

Dokta hakuwepo. Nilimwona kwenye benchi kupitia kioo, nikajificha nyuma ya jalada. Nikauendea mlango wa nyuma, nikakuta umefungwa. Nikarudi. Alikuwa ameingia ofisini mwenyewe, kwa mara ya kwanza, amemkalisha Sikujua kwenye kiti cha wageni. Miguu ya yule mtoto ilikuwa imepinda zaidi ya mwezi uliopita, magoti yakiachana mbali. Alikuwa anajigongea muhuri wangu kwenye kiganja, akacheka alipoona wino.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba, mama.”

“Nimekuja kusikiliza ile damu. Watu wa kwetu wameona kwenye redio ya kijiji, wanasema maabara imepewa cheti.” Alisema “wameona kwenye redio” na sikumsahihisha. “Tumefurahi sana. Basi nikasema, kama mmefaulu, na majibu yetu yatakuwa tayari.”

Nilitaka kumwambia. Naapa maneno yalifika kwenye meno. Lakini maneno yenyewe yalikuwa: mama, damu ya mwanao niliipangusa kwa tambara. Nikasema badala yake: “Kulitokea hitilafu ya umeme.”

“Ala! Poleni.” Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. “Poleni jamani. Kwetu umeme haujafika, lakini nasikia ukikatika unatia hasara. Poleni sana, baba.”

Alikuwa ananipa pole. Nilihisi uso wangu ukiwaka hadi masikioni. Nilitaka tu aondoke, aondoke akiwa na kitu mkononi, aache kunishika. Na mtoto alikuwa ameuona mchoro wa visima vinne ukutani kwangu, anauliza mama, kwetu ni wapi hapo.

“Lakini majibu yapo,” nikasikia sauti yangu ikisema. “Kisima Kipya. Kisima Kipya ndicho salama.”

Kwa nini hicho? Kwa sababu kati ya vile vinne ndicho cha serikali. Kilizinduliwa, kina kibao cha shaba. Sikuwa na sababu nyingine yoyote, na sababu hiyo ilinitoka haraka kama jina langu mwenyewe.

Bi Siwatu alikaa chini. Alikaa sakafuni palepale kwenye vigae, akafunika uso na khanga, akalia kwa furaha. Kisha akamfunga mtoto mgongoni akaondoka mbio kuwahi lori, ambalo siku hizo za mvua liliishia njiani na kwingine ni miguu, kiganja cha mtoto kikinipungia, kimeandikwa IMEPOKELEWA.

*

Barabara ilifunguka wiki ya tatu kama alivyohesabu. Dokta Zamaradi aliondoka na vichupa mia vya glasi, akarudi baada ya siku nne. Niliona gari likiingia getini. Niliona akishuka, amebeba sanduku la vichupa kwa mkono mmoja, na kwa wepesi wake nikajua ni vitupu. Mkono wa pili alibeba kidumu cha lita tano.

Aliingia bila kubisha hodi, akakiweka kidumu mezani.

“Kirunje nzima imesuluhishwa,” alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. “Hata wale waliogombana wamepatana. Kaya zote thelathini na moja. Sasa wanapanga foleni moja, wanaimba, wanachota kisima kimoja. Wanasema maabara imethibitisha.”

Nilianza kupanga karatasi.

“Nikawauliza, maabara ipi? Nani kawaambia? Bi Siwatu akanipa hiki. Akasema nimpelekee yule baba wa ofisi ya mbele, maji ya Kisima Kipya, ya shukrani. Wamekichagua kidumu kipya. Wamekiosha kwa majani.”

“Dokta, jambo hili nadhani linahitaji kamati...”

“Sijui kama ni kisima kibaya, mzee. Huenda ni kizuri. Sijui, na sasa sitajua kamwe, na wewe hujui.” Akaichukua glasi yangu ya ofisini, ile yenye nembo. Akafungua kidumu akamimina, polepole, hadi juu, hata tone halikumwagika. Maji yalikuwa safi sana. Akaisukuma glasi mbele yangu, akavuta kiti cha wageni akakaa.

“Kunywa, mzee Tindwa.”

Nikaitazama glasi. Nikamtazama yeye. Nje mhudumu alikuwa anapangusa kibao.

“Nimefunga,” nikasema.

Haukuwa mwezi wa kufunga, wala sikuwa na nadhiri. Yeye aliyajua yote mawili, na makombo ya andazi yalikuwa kwenye tai yangu, na alikuwa anayatazama.